Kusanifu kituo cha pampu za majitaka kwa mtaa wa bondeni

Vituo vingi vya majitaka huharibika kwenye karatasi kabla hata shimo halijachimbwa: mtu anaulizia bei ya pampu wakati bado hajajua maji yatakuwa mangapi, yatapandishwa kimo gani na yatapita kwenye bomba la upana gani. Pampu huchaguliwa mwisho. Kinachotangulia ni maji, bomba, shimo na usawa wa kila kitu ndani ya shimo hilo.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Ni mtaa wa tambarare katika mwambao wa Dar es Salaam, wenye watu 2,400 ukihesabu ongezeko la miaka 20. Udongo ni wa mchanga, na wakati wa masika maji ya ardhini hupanda karibu na uso wa ardhi. Majitaka yanatakiwa kufika kwenye chemba ya bomba kuu iliyo mita 650 kutoka kituoni, na mdomo wa bomba utakuwa juu ya uwanja wa kituo kwa mita 4.4.

Kabla ya yote, hakikisha kituo kinahitajika kweli. Bomba la kuteremka lenyewe halina umeme, halina fundi wa zamu, wala halizimiki. Ukiweza kuchimba zaidi kidogo au kuzungukia njia nyingine ili maji yateremke yenyewe, fanya hivyo hata kama bei ya kuchimba ni kubwa. Katika mtaa huu haiwezekani. Bomba linaloshuka mita 1 kila mita 100 linakuwa limezama zaidi ya mita 3 likifika kwenye kituo, na mbele yake ardhi inapanda.

Hesabu ya maji

Ukiweza, tumia usomaji wa mita za maji za mtaa wenyewe. Hapa tunachukua lita 100 kwa mtu kwa siku, na asilimia 80 ya hizo zinarudi kama majitaka. Hiyo ni lita 80 kwa mtu, yaani mita za ujazo 192 kwa siku, sawa na wastani wa lita 2.2 kwa sekunde. Lakini watu hawaogi wala kufua kwa wastani. Kwa mtaa wa ukubwa huu, kilele cha asubuhi hufika karibu mara 3.5 ya wastani, yaani lita 7.8 kwa sekunde. Ongeza lita 1.2 za maji ya ardhini yanayopenya kwenye maungio na chemba zenye nyufa. Kituo kisukume lita 9 kwa sekunde.

Maji ya mvua hayamo katika hesabu hiyo, na yasiruhusiwe kuingia. Paa moja la mita za mraba 150, kwenye mvua ya milimita 60 kwa saa, linamwaga lita 2.5 kwa sekunde. Wakazi wanne tu wakielekeza migereji ya mapaa yao kwenye chemba ya majitaka, wameizidi pampu. Hapo kituo kitaonekana kidogo, na watu watadai pampu kubwa, wakati dawa ni kuikata ile migereji. Mfuniko wa chemba uliokaa chini ya usawa wa barabara una madhara hayohayo, kwa hiyo inua vifuniko vyote kabla ya kuwasha kituo.

Bomba la kusukumia

Bomba hili linavutwa na masharti mawili yanayopingana. Likiwa jembamba mno, msuguano unakula umeme. Likiwa pana mno, maji yanatembea polepole, mchanga unalala na majitaka yanaoza humo ndani. Kasi isishuke chini ya mita 0.7 kwa sekunde; afadhali iwe kati ya 1 na 1.5. Kipenyo cha ndani kisishuke sana chini ya milimita 80, la sivyo vitu vinavyopita kwenye pampu vitakwama kwenye bomba.

Bomba la plastiki gumu la PE100, kipenyo cha nje milimita 110, daraja la shinikizo la PN10, lina kipenyo cha ndani cha milimita 96.8. Lita 9 kwa sekunde zinapita humo kwa kasi ya mita 1.22 kwa sekunde. Ukitumia kanuni ya msuguano wa mabomba ya Hazen-Williams na C (namba ya utelezi wa bomba) ya 130, msuguano unakuwa mita 18.3 kwa kila kilomita, yaani mita 11.9 kwa urefu wetu.

Ukishuka hadi bomba la milimita 90, msuguano unaongezeka zaidi ya maradufu. Ukipanda hadi 160, kasi inashuka hadi karibu mita 0.6 kwa sekunde, na mchanga wa pwani utaanza kubaki njiani tangu mwezi wa kwanza. 110 ndilo.

Lilaze bomba likipanda mfululizo kutoka kituoni hadi chemba ya mwisho. Kila kilima katikati ya njia kinakusanya hewa na gesi, na kila bonde linakusanya mchanga. Kama kilima hakiepukiki, weka vali ya hewa iliyotengenezwa kwa majitaka. Ya maji safi huziba kwa mafuta na kuanza kuvuja. Bondeni weka tawi la kusafishia lenye vali.

Pampu inapozimika ghafla, maji yaliyokuwa mbioni yanataka kuendelea na safari. Katika bomba hili, wimbi la shinikizo linaweza kufika takribani mita 40 juu na chini ya hali ya kawaida. PN10 hubeba mita 100, hivyo kupanda hakutishi. Kinachotisha ni kushuka, kwa sababu sehemu za juu za njia zinaweza kuingia ombwe, na hilo hunyonya mpira wa maungio na uchafu kutoka nje. Ungetumia chuma, wimbi lingezidi mita 120. Kwa njia ndefu au yenye vilima, mpe mtu mwenye programu ya kupima wimbi hili aifanye hesabu kamili.

Shimo na usawa wake

Ujazo unaofanya kazi, yaani kati ya usawa wa kuwasha na wa kuzima, ndio unaoamua pampu itawashwa mara ngapi. Hali mbaya kabisa hutokea maji yanapoingia kwa nusu ya kasi ya pampu. Kanuni ni fupi: zidisha 900 kwa lita za pampu kwa sekunde, kisha gawanya kwa idadi ya kuwasha kwa saa. Kwa mara 10 kwa saa unapata lita 810.

Shimo la mviringo lenye kipenyo cha ndani cha mita 1.8 lina eneo la mita za mraba 2.54. Tofauti ya sentimita 45 kati ya kuwasha na kuzima inakupa lita 1,145. Hapo kituo kitawaka si zaidi ya mara 7 kwa saa, na kwa kuwa pampu mbili zinapokezana, kila moja haizidi mara 4. Mota inapumua.

Usilikuze shimo kwa kudhani kubwa ni bora. Kwa wastani wetu, lita hizo hujaa kwa dakika 9 hivi. Ukizifanya ziwe nyingi mara tano, majitaka ya nyuzi joto 28 yatakaa hadi yaishiwe hewa, yatoe harufu ya mayai viza na kuanza kula zege.

Usawa ufuatao unapimwa kwenda chini kutoka uso wa ardhi:

- mita 3.20: bomba la kuingilia, sehemu yake ya chini kabisa
- mita 3.60: kengele ya maji kujaa
- mita 3.90: pampu ya pili inawaka
- mita 4.15: pampu ya kwanza inawaka
- mita 4.60: zote zinazima
- mita 5.20: sakafu

Kengele iko chini ya bomba la kuingilia kwa makusudi. Ukiruhusu shimo lijae hadi ndani ya bomba, maji hutulia humo, mchanga hulala na mafuta huganda kwenye kuta. Sentimita 60 kati ya kuzima na sakafu ni za kufunika mwili wa pampu. Hakiki kwenye karatasi za mtengenezaji kama mota inaruhusiwa kufanya kazi ikiwa nusu nje ya maji, maana baadhi hupozwa na majitaka yanayoizunguka.

Sakafu isiwe bapa. Jaza pembe kwa zege lenye mteremko wa nyuzi 45 hadi 60 kuelekea pampu ili mchanga uteremke na kuondoka na maji. Bomba la kuingilia lisimwage juu ya pampu, kwa sababu maji yanayoanguka hubeba hewa, na pampu inayomeza hewa hupoteza nguvu huku ikinguruma. Weka ukuta mdogo wa kuyavunja kasi.

Shimo linaloelea

Hapa pwani hili ndilo linalosahaulika zaidi, na gharama yake ni kituo kizima. Shimo tupu la zege ndani ya ardhi iliyojaa maji linasukumwa juu kwa uzito wa maji lililoyahamisha.

Chukua ukuta wa sentimita 20, kitako cha sentimita 30 kisichozidi ukuta, na mfuniko wa zege. Shimo linahamisha mita za ujazo 20.9 za maji, yaani tani 20.9 za kusukumwa juu. Zege lote lina uzito wa takribani tani 19.6. Litaelea, na litayakata mabomba yote mawili litakapoinuka.

Sasa kipanue kitako kwa sentimita 30 kuzunguka ukuta wote, kipenyo kiwe mita 2.8. Msukumo unaongezeka kidogo, unafika tani 21.6, na zege linafika tani 21.3. Ila sasa mchanga uliojazwa juu ya ukingo ule unalikandamiza shimo kwa tani nyingine 11 hivi, hata ukiuhesabu ukiwa umezama majini. Jumla inakuwa tani 32, mara 1.5 ya msukumo. Ukingo wa sentimita 30 umeokoa kazi. Usiridhike chini ya mara 1.2, na usihesabu uzito wa pampu wala maji yaliyo ndani, maana siku ya kusafisha havitakuwamo.

Hatari ni kubwa zaidi wakati wa ujenzi. Pampu za kukausha shimo la ujenzi zisizimwe hadi udongo urudishwe na kushindiliwa. Mvua ya usiku mmoja ikikuta ukuta umekamilika na udongo haujarudi, asubuhi utalikuta limepinda.

Sasa pampu

Maji yapande kutoka mita 4.60 chini ya ardhi hadi mita 4.40 juu yake: mita 9.0. Ongeza msuguano wa 11.9, na mita 1.5 za viwiko na vali za kituoni. Tunahitaji pampu ya lita 9 kwa sekunde kwa kimo cha mita 22.4. Kazi halisi inayofanywa kwenye maji ni karibu kilowati 2. Pampu ndogo za majitaka mara nyingi hazivuki ufanisi wa asilimia 45 au 50, hivyo mhimili unahitaji kilowati 4.4 na mota iwe ya kilowati 5.5. Kwa siku hiyo ni takribani uniti 31 za umeme.

Soma mchoro wa uwezo wa pampu kwa hali mbili, si moja. Bomba jipya lina utelezi, na kwa C ya 150 msuguano wake ni mita 9 tu. Hapo pampu itasukuma zaidi ya lita 9 na kuvuta umeme mwingi zaidi. Hakikisha mota inaimudu hali hiyo pia, la sivyo itaungua katika wiki za mwanzo, na watu watalaumu voltiji.

Uwazi wa kupitisha vitu usipungue milimita 75. Kwa majitaka yenye mchanga, vipande vya khanga, nepi na pedi, tunapendekeza impela (gurudumu la pampu linalosukuma maji) ya kuzungusha maji, ile iliyojificha nyuma ya chumba cha pampu. Ufanisi wake ni mdogo kuliko wa impela ya njia moja, lakini haizibi kirahisi, na mtaa hauna faida na ufanisi wa pampu iliyolala kwa fundi. Pampu za kusaga ziachie nyumba moja moja. Mchanga hunoa visu vyake hadi viishe.

Weka pampu mbili, kila moja ikimudu lita 9 peke yake. Usitegemee kwamba zikiwaka pamoja zitatoa 18. Kwa lita 18 msuguano wa bomba hili ungefika mita 43, na pampu hizi hazina nguvu hiyo. Kulingana na mchoro wake utapata 11 au 12 hivi. Pampu ya pili ni akiba.

Vali, nyaya na paneli

Vali zisiwekwe ndani ya shimo la majitaka. Zijengee chemba yake pembeni: kwa kila pampu vali ya kuzuia maji kurudi, ya aina ya mpira wa duara, kisha vali ya kufungia. Ongeza sehemu ya kufunga kipimo cha shinikizo, na mdomo wa milimita 100 wenye kifuniko ili siku ya dharura pampu ya kukodi iunganishwe hapo. Sakafu ya chemba iwe na kitobo cha kurudisha mvujo shimoni, chenye kizuizi cha gesi.

Pampu ziteremke kwenye reli za chuma cha pua na kujibana zenyewe kwenye goti la chini, yaani kiwiko cha bomba kilichofungwa sakafuni, ili fundi azitoe kwa mnyororo akiwa juu. Upepo wa chumvi hula chuma cha kawaida haraka sana, kwa hiyo reli, mnyororo na boliti zote ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316.

Waya wa pampu ufike kwenye paneli bila kuungwa njiani. Nunua wenye urefu unaotosha tangu kiwandani. Bomba la kupitishia waya lizibwe kwa povu au mastiki upande wa paneli, kwa sababu gesi ya shimo hupanda humo na kuigeuza shaba ya paneli kuwa nyeusi; hapo huanza kasoro ambazo hakuna anayezielewa. Waya huo una nyuzi ndogo za ziada za kipima joto na kipima unyevu kwenye sili, yaani kizibo kinachozuia maji kuingia kwenye mota. Mara nyingi tunazikuta zimekunjwa na kufungwa utepe. Ziunganishwe: ndizo zinazozima mota kabla maji hayajafika kwenye koili.

Paneli iwe na kinga ya fezi kupotea na voltiji kushuka, kipima saa za kazi kwa kila pampu, na ucheleweshaji wa sekunde 15 au zaidi ili pampu mbili zisiwake kwa pamoja umeme unaporudi. Ikae angalau sentimita 60 juu ya alama ya mafuriko makubwa kuliko yote yanayokumbukwa. Waulize wazee wa mtaa na utazame madoa kwenye kuta. Anayejenga karibu na bonde la Msimbazi, linalofurika mara kwa mara, asitegemee ramani peke yake.

Kipima usawa cha shinikizo ni kizuri, lakini weka na floti (swichi zinazoelea) mbili za akiba, moja ya kengele na moja ya kuzima. Zitundike mbali na maji yanayoingia. Mafuta ya kupikia huganda juu yake, kwa hiyo zioshwe kila mwezi.

Umeme ukikatika

Kati ya usawa wa kuwasha na bomba la kuingilia kuna mita za ujazo 2.4 tu. Kwa wastani hizo hujaa kwa dakika 18, na asubuhi kwa dakika 5. Fundi hafiki kwa dakika 5. Una njia mbili: tangi la akiba pembeni, au jenereta inayojiwasha. Tangi la saa mbili za wastani ni mita za ujazo 16, na ni lazima maji yake yateremke yenyewe kurudi shimoni na liwe rahisi kuoshwa. Jenereta ya kVA 20 inatosha mota moja ya kilowati 5.5 ikiwa ina kianzishi laini. Ikianzishwa moja kwa moja, mota huvuta mara sita ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi. Tungechagua jenereta, pamoja na ratiba ya kuiwasha kila wiki, kwa sababu ile isiyowashwa huwa na betri iliyokufa siku inapohitajika.

Chemba ya mwisho

Bomba letu linabeba mita za ujazo 4.8, na kila mzunguko wa pampu unasukuma 1.1. Mchana majitaka hukaa humo kama dakika 36, ila usiku wa manane yanaweza kukaa saa mbili au zaidi. Yakitoka yanatoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, na bakteria walio kwenye ukuta wenye unyevu huigeuza kuwa asidi ya salfa. Zege la chemba hiyo linalainika na kumomonyoka juu ya usawa wa maji. Ifunike ndani kwa plastiki ya PE iliyong'ang'anizwa kwenye zege, na bomba limwage chini ya usawa wa maji, si kwa kuanguka. Fanya vivyo hivyo kwa chemba mbili zinazofuata.

Gesi hiyohiyo huua watu. Ikiwa nyingi, pua huacha kuinusa, na anayeingia huona harufu imekwisha. Hakuna kuingia shimoni bila kipima gesi, feni ya kuingiza hewa, mkanda wenye kamba, na watu wawili juu. Anayeanguka asifuatwe na mwenzake asiye na hewa ya kupumulia. Avutwe kwa kamba. Chini ya mfuniko weka wavu wa chuma cha pua unaofungwa, kwa ajili ya watoto.

Kupima kabla ya kukabidhi

Angalia mzunguko wa fezi kwanza. Pampu inayozunguka kinyume bado hutoa maji, ila kidogo na kwa mngurumo, na inaweza kukaa hivyo miezi bila mtu kugundua.

Kisha ziba bomba la kuingilia, jaza shimo maji safi hadi mita 4.15, washa pampu moja na upime muda hadi mita 4.60. Lita 1,145 kwa lita 9 kwa sekunde ni sekunde 127. Ukipata 160, unapata lita 7.2 tu: tafuta vali iliyofungwa nusu, hewa kwenye kilima, goti la chini lisilobana, au takataka za ujenzi kwenye bomba. Rudia kwa pampu ya pili. Andika sekunde zote mbili kwa rangi ndani ya mlango wa paneli, na urudie kipimo hicho kila baada ya miezi mitatu. Sekunde zikiongezeka kwa pampu moja, impela yake imelika. Zikiongezeka kwa zote mbili, kagua bomba.